Tangi la duara: linaingia lita ngapi?

Muulizaji (Uyole, Mbeya): Wakuu, tangi la matofali lina mzingo wa nje mita 5.5, kimo cha ndani mita 1.5. Napata lita 3,600 na ushee, fundi anakataa. Nimekosea wapi?

Jibu: Mkuu, umehesabu na ukuta. Kipenyo cha nje ni 5.5 × 7 ÷ 22 = mita 1.75. Ukuta una unene gani?

Muulizaji: Sentimita 17.5 pamoja na plasta.

Jibu: Toa mara mbili, maana kipenyo kinapita ukuta pande zote: 1.75 − 0.35 = 1.4. Nusu kipenyo 0.7. Ujazo: 22/7 × 0.7 × 0.7 × 1.5 = mita za ujazo 2.31, yaani lita 2,310.

Mwingine: Bomba la kutolea maji yanayozidi likiwa sentimita 10 chini ya ukingo, tumia kimo 1.4: lita 2,156 tu.