Banda la bustani: nimwage jamvi (sakafu ya zege) au niweke kokoto tu?

Mpandamiche: Habari wakuu. Nataka kusimamisha banda la mbao la kuwekea majembe, toroli na mashine ya kukatia nyasi, mita 1.8 kwa 2.4. Eneo lina mwinamo kidogo na udongo ni mfinyanzi: mvua ikinyesha unanata, jua likiwaka unapasuka. Jirani anasema nimwage zege juu ya udongo, yaishe. Ni sawa?

FundiMstaafu: Usithubutu. Mfinyanzi huvimba ukilowa na kunywea ukikauka, na zege lililolala juu yake litapasuka nao. Kazi iko chini, zege ni mapambo.

Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 15 hivi. Chimba upande wa juu wa mwinamo mpaka pawe sawa. Usijazie upande wa chini, udongo wa kujazia hutitia taratibu na banda litakuja kuinama. Shindilia mpaka kisigino kisiache alama. Tandaza kitambaa cha kuzuia kokoto zisizame, kisha mwaga kokoto kwa tabaka mbili, kila moja uishindilie peke yake. Ukishindilia zote kwa mpigo, za chini hubaki zimelegea.

Kwa banda hilo mimi nisingehangaika na jamvi. Panga tofali za zege chini ya boriti za sakafu, maji yapite, hewa ipite. Pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, kiweke juu ya ubao mrefu ulionyooka. Ukipima tofali mojamoja utadanganyika.

Kuhakikisha kona ni mraba ni rahisi kwako: vuta tepu kona kwa kona, lazima isome mita 3 kamili kote kuwili. Isiposoma, sogeza vigingi vya kona.

Mpandamiche: Shukrani, fundi. Je, nikija kuweka jenereta humo?

FundiMstaafu: Jenereta iwashie nje, moshi wake unaua. Kama ni kuihifadhi tu na ni nzito, hapo sawa, mwaga jamvi la sentimita 10 juu ya kokoto na nailoni, uwiano 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto, ulimwagilie maji wiki nzima. Ila lisizidi upana wa banda. Ukingo unaobaki nje hupokea mvua na kuipitisha chini ya ukuta.

Kichuguu: Nyongeza: kama kwako kuna mchwa, tofali ziinue banda kiasi cha kuweza kuchungulia chini. Njia zao za udongo utaziona zikipanda kabla hawajafika kwenye mbao.