Mliofundisha sayansi mkingoja kuingia udaktari, tupeane uzoefu

Daktari_Mtarajiwa: Habari zenu. Nimemaliza S6 (kidato cha sita hapa Uganda), mchepuo wa BCM (biolojia, kemia na hisabati), nangoja majina ya chuo. Kungoja kwenyewe mnakujua, miezi mingi mtu yuko nyumbani tu. Nimepata watoto watatu wa S4 hapa Bweyogerere, nawafundisha kemia na biolojia. Jana mmoja kaniuliza: "Mwalimu, kwenye jaribio la maabara zinki na alumini zote zinatoa mashapo meupe, ile chembechembe inayotuama, nitazitofautishaje?" Nikamwambia akariri tu. Tangu jana roho inanisuta. Wenzangu mlifanyaje?

Binti_Tororo: Umenikumbusha aibu yangu. Nilifundisha binti mmoja, baba yake anakaanga chipsi karibu na stendi. Miezi miwili namwagia noti zangu za S6, nauliza, "Umeelewa?" Anajibu, "Ndiyo, mwalimu." Nikaamini. Matokeo ya majaribio yakaja mabaya. Mzee akaniita sebuleni, karatasi iko mezani, wala hakufoka. Akamwambia mtoto aeleze osmosisi. Mtoto akatiririka bila kukosea hata neno. Mzee akauliza, "Sasa mbona viazi vyangu nikivitia chumvi mapema, sahani inajaa maji?" Kimya. Akanigeukia: "Haya, daktari, nieleze wewe." Jamani, nilijua jibu, lakini ulimi uligoma! Nilianza na "utando unaopitisha baadhi ya vitu", nikaishia kunywa chai. Toka siku hiyo sifundishi kwanza. Mtoto ndiye anayenifundisha, mimi najifanya mgonjwa mbishi wa kijijini: "Maji yametoka wapi, nyabo? Nani kayavuta?" Akikwama, hapo ndipo ninapoanzia.

Kiboko_wa_Jinja: Hiyo "ndiyo, mwalimu" imetuua wengi.

Mzee_wa_Arua: Mnawadekeza. Sisi tulikariri na tukafaulu.

Binti_Tororo: Mzee wangu, shikamoo, lakini hawa wako kwenye mtaala mpya ulioanza na S1 mwaka 2020. Mtihani wao wa kwanza wa S4 ulikuwa 2024. Wanapewa kisa cha kijiji na maji machafu, waseme wangefanya nini. Utakariri kijiji?

Mzee_wa_Arua: Marahaba. Na mifupa 206 ya mtu mzima, huko hospitali ya Mulago mtaielewa au mtaikariri?

Kiboko_wa_Jinja: Hapo mzee kapiga penyewe 😂

Mbuzi_Mmoja: Acheni ugomvi, sikilizeni. Mimi nilitaka kuonyesha ukuta wa ventrikali ya kushoto, chumba cha chini cha moyo, ulivyo mnene kuliko wa kulia, nikanunua moyo wa mbuzi. Nikaushika kwa mbwembwe, wembe mkononi, watoto wanne wamenizunguka. Wembe ukateleza, ukanikata kidole gumba. Nikaiona damu YANGU. Nilichosikia baadaye ni maji usoni na jaja, yaani mzee wa nyumba ile, anasema, "Huyu ndiye atakayetupasua?" Kuinuka, bakuli tupu. Moyo uko sufuriani na vitunguu na nyanya! Tulimalizia kipindi jikoni, mtoto mmoja akaiokota aota, ule mshipa mkubwa wa moyo, kwa kijiko.

Kiboko_wa_Jinja: Nimecheka mpaka abiria wa teksi wananitazama. Na sasa damu unaiweza?

Mbuzi_Mmoja: Niko mwaka wa tatu. Ya wengine naiweza.

Binti_Tororo: Mlikula?

Mbuzi_Mmoja: Na posho, ugali wetu.

Chaki_Nyeupe: Mmemsahau mwenye swali. Mdogo wangu, kutofautisha zinki na alumini sodiamu haidroksidi haitakusaidia, ikizidi mashapo ya zote mbili yanayeyuka. Tumia amonia, tone kwa tone mpaka izidi: ya zinki yatayeyuka, ya alumini yatabaki. Waombee maabara hata nusu saa waone kwa macho.

Senti_Kwanza: Yote hayo baadaye. Pesa chukua kabla ya kipindi. Mimi nililipwa kuku, tena mgonjwa.

Mzee_wa_Arua: Usichukue kabla, mzazi atakuona tapeli.

Senti_Kwanza: Mzee, wewe umewahi kulipwa kuku mgonjwa?

Daktari_Mtarajiwa: Asanteni. Ya zinki nitamrudia leo na nitamwomba radhi. Saa kumi nina kipindi, nimenunua viazi vinne na chumvi. Moyo siugusi.

Mbuzi_Mmoja: Kuna jaja kwenye nyumba hiyo?