Log Cabin: vipande vya kahawia vinasagika, na nakala inatoka ndogo

uzi_mwekundu:
Habari zenu. Nina mfarishi wa viraka wa zamani, muundo wa Log Cabin: mraba mwekundu katikati, vipande vyembamba vimeuzunguka, upande mmoja rangi nyepesi, wa pili nzito. Vya kahawia iliyoiva vinasagika vikiguswa, lakini vyekundu na vya buluu vilivyo kando ni vizima. Niuoshe kisha nibadilishe vilivyochakaa?

La pili: naunakili kwa kitenge na kanga, bloki 48 (6 kwa 8), bloki ikiwa mraba mmoja kamili wa muundo. Kati ni inchi 2½, vipande inchi 1½, mizunguko mitatu. Bloki inafaa kuwa 8½ kabla ya kuunganishwa lakini zinatoka 7¾. Urefu wa vipande nakata nikifuata bloki ilivyo.

sindano_ya_kale:
Usiuoshe, tafadhali sana. Kahawia na nyeusi nyingi za karne ya 19 zilishikizwa kwa chumvi za chuma, na chuma hicho huozesha pamba polepole. Ndiyo maana jirani zake ni wazima. Hakuna dawa ya kukirudisha kitambaa. Ukiuloweka, pamba inabeba maji mengi, na ukiuinua uzito huo unararua palipolegea. Nyekundu nayo inaweza kutoa rangi.

Usibandue kitu wala usibadilishe. Hivyo viraka vilivyochoka ndivyo vinavyoonyesha umri wake. Funika kila kimoja kwa neti laini ya rangi inayokaribiana, ushone kwa mkono ukipitisha sindano nyembamba kwenye mishono ya viraka vizima, si kwenye kahawia yenyewe. Vumbi litoe kwa mashine ya kufyonza, nguvu ya chini kabisa, neti ikiwa katikati.

Kuhifadhi: uviringishe kwenye bomba lililofungwa shuka la pamba lililofuliwa, upande wa viraka ukiwa nje. Mfuko wa plastiki hapana, hasa Juni hadi Agosti ambapo Nairobi haikauki vizuri. Unyevu unafungiwa ndani na ukungu unaanza. Usiuanike juani pia.

fundi_robo_inchi:
Nijibu la pili. Mshono wako ni mpana kwa 1/16 ya inchi kuliko robo inchi inayotakiwa. Kila mshono unakula pande mbili, kwa hiyo unapoteza 1/8. Ukivuka bloki kutoka ukingo hadi ukingo kuna mishono 6: hiyo ni ¾, ndiyo 8½ ikawa 7¾. Ukiendelea hivyo, safu ya bloki 6 itapungua zaidi ya inchi 5.

Chanzo ni kufuata ukingo wa mguu wa cherehani. Kwenye mashine nyingi uko mbali na sindano kuliko robo inchi. Weka rula chini ya mguu, shusha sindano kwa gurudumu la mkono hadi iguse alama ya robo, kisha bandika kadibodi nene kwenye bamba kando ya rula iwe ukuta wa kitambaa. Jaribu: shona vipande vitatu vya inchi 1½, piga pasi. Upana wote uwe 3½ na cha kati kionekane inchi 1 kamili. Kikipungua, sogeza kadibodi kuelekea sindano kidogo tu, kwa sababu mkunjo wa pasi nao unakula uzi mmoja au miwili.

Na acha kukata ukifuata bloki, inaficha kosa. Kata kwanza: nyepesi 2½, 3½, 4½, 5½, 6½, 7½, nzito 3½, 4½, 5½, 6½, 7½, 8½. Kipande kikizidi bloki, usikipunguze. Mshono ndio wa kurekebisha. Pasi ikandamize, isiburute.

pindo_na_mji:
Vitambaa: kwa bloki 48, nunua mita 2 za nyepesi, mita 2½ za nzito, na robo mita nyekundu, ukihesabu upana unaotumika wa inchi 42. Biashara Street utapata kanga na kitenge, lakini choma uzi kabla ya kulipa: pamba inaacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuwa shanga ngumu. Ukivichanganya, pasi ya pamba itakunja poliesta. Pindo la kanga linafaa sana hapa kwa kuwa michoro yake inakimbia kwa urefu. Jina liache, litakatika vibaya.

Fua vyote kabla ya kukata. Nyekundu ioshe peke yake pamoja na kitambaa cheupe hadi cheupe kibaki cheupe.

uzi_mwekundu:
Asanteni. Ndani niweke pamba nene?

sindano_ya_kale:
Nyembamba. Log Cabin nyingi za zamani zilishonewa juu ya kitambaa cha msingi, mishono ikawa mizito, hivyo zikafungwa kwa mafundo badala ya kutiwa mistari. Yako ina mishono kila inchi. Kitambaa cha nyuma kata inchi 56 kwa 72, piga bandi (mshono mrefu wa muda) kila inchi 4 kuanzia katikati kwenda nje, kisha funga fundo kila kona bloki zinapokutana na jingine kwenye kila mraba mwekundu.