Mume wangu ni fundi, anashona vizuri ila hakumbuki suruali ni ya nani

Mke wa fundi, Tanga
Hamjambo wote. Mwezi wa nne mume wangu alipata homa kali, akawa anaongea visivyoeleweka, mwisho degedege. Ikaonekana virusi vya hepesi vimeingia kwenye ubongo. Alichomwa asiklovia, dawa ya virusi, ya mshipani wiki tatu. Mwili umepona, kumbukumbu haijarudi. Kila asubuhi ananiuliza mama yake yuko wapi. Mama alifariki mwaka jana, na kila nikimwambia analia upya. Lakini mkalishe kwenye cherehani: anakata, anashona, mikono haikosei! Ndugu wanasema nimuulize maswali akili ichangamke. Nikimuuliza mchana tumekula nini anakisia, anakosea, anakasirika. Niendelee?

Mtu wa utengamao
Pole sana dada. Kazi yangu ni utengamao, yaani kuwasaidia waliougua warudie shughuli zao. Maswali ya mtihani acha leo hii. Akikisia vibaya, kosa ndilo linaloganda, kwa sababu hakumbuki kwamba ulimsahihisha. Watafiti Baddeley na Wilson walilionyesha hilo Uingereza mwaka 1994. Wewe tangulia na jibu, alirudie, umuulize tena baada ya nusu dakika, dakika moja, tatu, uzidi kurefusha. Akisita tu, mwambie. Anza na jambo moja: "Nikisahau, nafungua daftari." Daftari likae palepale kwenye cherehani, siku zote.
Ujuzi wa mikono unatunzwa sehemu nyingine ya ubongo. Mwanamuziki Clive Wearing aliugua ugonjwa huohuo mwaka 1985, akawa hakumbuki hata dakika iliyopita, ila kinanda alipiga.

Dada wa mgonjwa
Kaka yangu alipata homa ya uti wa mgongo. Kumbukumbu haikurudi yote, nisikudanganye, ila sasa simu ikilia anajua ni saa ya dawa. Kwa huyo fundi, karatasi ya jina na vipimo ibanwe kwa pini kwenye kitambaa chenyewe.

Mke wa fundi, Tanga
Nimebana tangu Jumatatu. Jana mteja kaingia, mume wangu kasoma mwenyewe: "Yako Ijumaa, mwalimu." Nilitoka nje nikalia. Sasa habari ya mama, niiandike kwenye daftari?

Mtu wa utengamao
Usiiandike ukurasa anaoufungua kila saa. Akimuulizia, mwambie, "Umemkumbuka mama, nisimulie habari zake." Akikuuliza waziwazi kama yu hai, usimdanganye. Mwambie taratibu, mkae pamoja.