Atelye kwanza, chuo kikuu baadaye? Mjadala wa Lubumbashi

Mhandisi wa umeme, Kamalondo (anafungua mjadala)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, nawauliza jambo moja. Kijana wetu anaandaliwa vizuri zaidi kwa kazi wapi: katika miaka mitano ya chuo kikuu, au katika miaka michache ya kukaa chini ya fundi ndani ya atelye, yaani karakana? Msimamo wangu nautoa mapema. Ufundi utangulie. Chuo kikuu kije baadaye, kwa yule aliyekwisha kushika chombo.

Nasema hivyo nikiwa na diploma ya chuo kikuu, ya umeme, niliyoipata kwa jasho la wazazi wangu. Kazi yangu ya kwanza baada ya hapo ilikuwa mota ya mulini, hizi mashine za kusagia mahindi zilizojaa mitaani kwetu. Ilikuwa imeungua. Milinganyo ya mota ya fazi tatu, yaani inayolishwa na mikondo mitatu ya umeme, niliijua kwa kichwa, lakini kuifungua sikujua. Nilipiga kifuniko kwa nyundo mpaka kikapasuka, na mwenye mulini amesimama pembeni ananitazama.

Nikaipakia kwenye toroli, nikaipeleka kwa Papa mmoja, yaani mzee, wa bobinaji, kazi ya kusuka upya waya za mota, mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye benchi la chuo. Hakupima kitu. Aliinama, akachungulia, akaniambia: "Fazi moja ilikatika, mota ikaendelea kuhangaika na mbili. Tazama: makundi mawili ya waya yamekuwa makaa, la tatu bado linang'aa. Hii ilifungwa nyota. Ingefungwa pembetatu, ungekuta kundi moja tu ndilo limeungua." Nyota na pembetatu ni namna mbili za kuunganisha waya za mota. Yote aliyosema yalikuwamo kwenye silabusi zangu. Nilikuwa nimeyafanyia mtihani na kupata alama nzuri, ila kwa macho yangu sikuwa nimeyaona hata siku moja.

Nilikaa kwake miezi 14. Alinifundisha kuhesabu mizunguko ya waya kabla ya kukata, maana ukishakata, hesabu imekwenda. Alinifundisha kupanga karatasi ndani ya vijia vya chuma bila kuichana, kufunga, kupaka vernisi, kuoka, na kutomrudishia mtu mota yake kabla ya kuipima kama umeme hauvuji. Siku moja tulikosa sokoni waya wa milimita 1. Akasema, "Weka mbili za 0.71, ziende pamoja." Nilichukua kalamu nikapiga hesabu ya eneo la waya ukikatwa: waya wa kwanza unatoa milimita za mraba 0.785, zile mbili kwa pamoja zinatoa 0.79. Mzee alikuwa amefika mahali palepale kwa njia ya mikono, akifuata alichoonyeshwa na fundi wake zamani.

Sikidharau chuo. Wateja walipoanza kuleta mota zinazoendeshwa na variatere, kile kisanduku kinachobadilisha mwendo, Papa alishindwa kuelewa kwa nini zinaungua kwenye mizunguko ya mwanzo ya waya. Hapo alinipisha mimi, na masomo yangu yakafanya kazi yake. Lakini hebu fikirini: ningepita kwanza miaka miwili kwa yule mzee, ile miaka ya amfiteata, ukumbi wa mihadhara, ingeniingia namna gani? Ningekuwa na maswali ya kumuuliza profesa. Nilikwenda sina hata swali moja, nikarudi na majibu ambayo sikujua ni ya nini. Na staji, mafunzo ya kazini ya mwezi mmoja mwishoni, ambapo wanafunzi wananakili ripoti ya waliotangulia, haiwezi kuziba pengo hilo.

Nangoja maneno yenu.

Mama mzazi, Katuba

Mwanangu, nakuita hivyo maana nadhani nimekuzidi umri. Unaongea vizuri, lakini unaongea ukiwa na diploma yako kabatini. Mzee wako yule angekwenda kuomba kazi kwenye mgodi, nani angemfungulia mlango? Tangazo la kazi likibandikwa, mstari wa kwanza unauliza diploma. Mstari wa pili unauliza miaka ya uzoefu. Asiye na jibu la ule wa kwanza, wa pili hawausomi.

Mimi nauza unga na samaki wa chumvi soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini. Mtoto wangu mkubwa nimemlipia chuo kwa pesa hiyo, franga kwa franga. Sasa binti yangu anangoja matokeo ya Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, alisoma ufundi umeme, na anaujua. Niambie, ni atelye gani itampokea msichana? Kwetu mvulana anapelekwa garaje, msichana anapelekwa cherehani au saluni. Cherehani siidharau, imenivusha miaka mibaya. Lakini mtoto mwenyewe hataki cherehani. Na nimpeleke mahali pa wanaume kumi, mpaka jioni, bila karatasi, bila mtu wa kumjibia likitokea jambo? Chuoni angalau kuna ofisi ya kupeleka malalamiko.

Mwalimu wa historia, chuo kikuu

Dada mhandisi, nimekusoma kwa makini, na ule mfano wa waya nitautumia darasani. Lakini neno "ufundi kwanza" linanitia hofu, na nitaeleza kwa nini.

Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Wasalesiani, watawa wa Kikatoliki, walifika 1911, na mojawapo ya kazi zao za mwanzo ilikuwa shule ya ufundi. Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, kuanzia miaka ya 1920, ilijenga kambi zenye nyumba, hospitali na shule, na mtoto wa kiume wa kambi alilelewa ili awe mfanyakazi mzuri kama baba yake. Useremala, ufuaji chuma, ufundi wa mashine: hayo tulipewa. Chuo kikuu tulinyimwa kwa makusudi. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa Kinshasa, wakati ule Léopoldville, mwaka 1954, na cha hapa kwetu kilianzishwa mwaka 1955, yaani miaka mitano tu kabla ya uhuru. Tarehe 30 Juni 1960 nchi kubwa kama hii ilikuwa na Wakongomani wenye digrii wasiofika 30. Mafundi walikuwepo maelfu, waliojua kazi vizuri kabisa. Lakini kwa kawaida hawakuruhusiwa kuongoza hata karakana waliyofanyia kazi. Kwa hiyo nikisikia mtoto wa maskini anaambiwa aanzie kwenye nyundo, nauliza: na mtoto wa tajiri ataanzia wapi?

Jambo la pili. Ufundi mwembamba unakufa pamoja na mashine yake. Tanuru la kuyeyushia shaba la Lubumbashi liliwashwa 1911, na bomba lake la moshi bado tunaliona kila tukiinua macho. Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, iliyokuwa ikitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilianguka hadi sehemu ndogo sana ya kiasi hicho baada ya 1990. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walirudishwa nyumbani kwa mkupuo mmoja. Viwanda vipya vya Fungurume na Kolwezi vilipokuja, vingi havikuhitaji mtu wa tanuru. Vinayeyusha madini kwa asidi, kisha shaba inavutwa kwa umeme. Aliyejua kemia aliweza kuhama. Aliyejua moto peke yake alibaki na moto wake. Elimu pana ndiyo inayomvusha mtu mashine zikibadilika.

Fundi wa kuchomelea, Ruashi

Profesa, heshima yako. Mimi darasa niliacha la sita, nisamehe nikikosea kuandika.

Nina vijana saba. Hakuna hata mmoja aliyekuja kwangu kwa kuchagua. Walikuja kwa sababu makuta, yaani pesa, ya masomo yaliisha nyumbani. Kwa hiyo ukiuliza mtoto wa maskini aanzie wapi, mimi nakwambia ameshaanza, yuko hapa kwangu, anapiga brashi mshono. Shida ni atamalizia wapi.

Na nitasema ukweli ambao mafundi hatupendi kuusema. Mwaka wa kwanza kijana anafagia, anabeba chupa za oksijeni, ananikimbilia bukari, yaani ugali, mchana. Elektrodi, ile fimbo ya kuchomelea, hashiki. Nilifanyiwa hivyo na mimi, nikawafanyia wao. Wazazi wananilipa, halafu mtoto ananifanyia kazi bure. Kuna wenzangu wanamshikilia kijana miaka sita kwa kazi ambayo aliijua miaka mitatu iliyopita, kwa sababu akiondoka watalazimika kumlipa mwingine. Mama wa Katuba ana haki ya kuogopa.

Lakini sikilizeni. Kuna mtihani wa kuchomelea wanauita 6G. Bomba linafungwa mshazari, digrii 45, halizungushwi, wewe ndiye unayelizunguka, unachomelea juu, ubavuni, chini yake, moto unakudondokea. Kijana wangu mmoja aliupita mara ya kwanza. Kabla ya hapo alirudishwa mara tatu, na sio kwenye chuma, kwenye dirisha la kupokea karatasi. Mara ya nne aliyekuwa ameitwa hakufika, wakamwambia basi jaribu wewe. Wakamchukua. Hadi leo ni jurnalie, analipwa kwa siku, na yule mwenye diploma anayemsimamia anamwita kila mshono mgumu ukitokea.

Kijana wa pikipiki, Kampemba

Mimi nina lisansi, digrii ya uchumi, na ni manseba, kama tunavyoitwa sisi wa pikipiki za abiria. Sitaki kuhurumiwa, nataka kuongeza neno moja tu. Chuo hakikunipa kazi. Lakini wakija na karatasi ya kodi kwenye kituo chetu, mimi ndiye ninayeisoma na kuwaambia wenzangu hii ni ya kweli, hii ni ya uongo. Barua za chama chetu naandika mimi. Sijui mnaliweka upande gani hilo.

Mhandisi wa umeme, Kamalondo

Ndugu wa pikipiki, naliweka upande wa chuo, na nalipa uzito.

Profesa, kuhusu mkoloni umesema kweli tupu, na nimeisoma mara mbili. Babu zetu hawakudhulumiwa kwa kufundishwa useremala. Walidhulumiwa kwa sababu nyuma ya useremala kulikuwa na ukuta. Ukuta ule bado upo, ila sasa tunaulinda wenyewe. Kijana wa Papa wa Ruashi, hata akichomelea kama malaika, hana njia ya kuingia chuo kikuu bila diploma ya Serikali. Atakaa kwenye nyundo kwa sababu tumemfungia. Ujerumani tangu 2009 fundi aliyefikia cheo cha Meister, yaani fundi mkuu, anaruhusiwa kuingia chuo kikuu. Uingereza tangu 2015 kijana anaweza kuajiriwa, akalipwa mshahara, na wakati huohuo akasomea digrii. Tajiri wao na maskini wao wanapita mlango mmoja, au angalau mlango upo.

Sisi vipande tunavyo. INPP, taasisi ya Serikali ya mafunzo ya ufundi, ipo tangu 1964, na waajiri wanailipia mchango. Inao walimu, inazo mashine, na hapa mjini Japani imeisaidia kwa majengo. Kwa nini ingoje kijana aje kujiandikisha? Iende Ruashi, iende Kenya, iwapime vijana walioko kwa mafundi palepale kwenye kazi zao, na anayepita apewe karatasi ambayo dirisha lile litalazimika kuipokea. Na Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inataja mkataba wa kujifunza ufundi na kutaka uandikwe. Papa, niulize kwa heshima: kwa vijana wako saba, mikataba iliyoandikwa ni mingapi? Mimi mwenyewe nilipokuwa kwa mzee wangu sikuwa nao, na sikujua kwamba ninayo haki.

Kuhusu mashine kufa, Profesa, hapo tunatofautiana bado. Yule wa tanuru hakukwama kwa sababu alianza na moto. Alikwama kwa sababu hakuna aliyemrudisha darasani baada ya miaka kumi ya moto, wakati ambapo kemia angeielewa kuliko kijana yeyote wa miaka 18. Ndiyo maana nasema chuo kije baadaye. Sikusema kisije.

Mama wa Katuba, maneno yako ndiyo yaliyonikalia usiku. Ni kweli naongea nikiwa na karatasi kabatini. Na ni kweli kwamba yule mzee alinikubali mimi msichana kwa sababu nilikuja nikiitwa mhandisi. Angekuja binti yako, labda angemwelekeza kwenye cherehani. Sina jibu la mji mzima. Ninayo atelye yangu ndogo, watu wanne, wawili kati yao wanawake, na mlango unaotazama barabara. Kati ya leo na matokeo ya Exetat binti anakaa bure nyumbani. Mlete Jumatatu saa mbili asubuhi, avae mikono mirefu ya pamba, asivae nailoni. Mkataba tutauandika ukiwa umekaa hapo, wa miezi mitatu, wenye nauli yake na saa ya kutoka. Akifaulu na akitaka chuo, ataondoka Oktoba, na nitamwandikia kila kitu alichojifunza. Mota ya kwanza atakayoifungua ina vijia 36, na ilifungwa nyota.

Mama mzazi, Katuba

Tutakuja wawili. Saa ya kutoka iandikwe saa kumi, nami nitakuwa nimefunga meza yangu sokoni nipite kumchukua.