Naomba ushauri: wapenzi wawili wanawake kwenye tamthilia, bila kumuua mmoja

Wadau, habari zenu. Naandika tamthilia ya televisheni, na kati ya wahusika wangu wamo wanawake wawili wanaopendana. Mwenzangu ninayeandika naye anataka mmoja afe mwishoni mwa msimu, eti watazamaji waguswe. Nimegoma. Hayo tumeshayaona mno: Tara alipigwa risasi katika Buffy the Vampire Slayer mwaka 2002, Lexa naye risasi katika The 100 mwaka 2016, tena wote wawili muda mfupi tu baada ya kuwa faraghani na wapenzi wao. Kifo cha Lexa kiliwaudhi mashabiki hadi wakachangisha fedha kwa ajili ya The Trevor Project, shirika la Marekani linalozuia kujiua miongoni mwa vijana wa LGBTQ. Halafu mwaka 2022 Killing Eve nayo ikamalizia kwa kumuua Villanelle, mpenzi wa Eve. Jamani!

Mimi nataka wapenzi wanaonuniana kwa sababu ya vyombo, wanaozeeka pamoja. Na wasiwe jozi pekee kwenye hadithi, maana jozi ikiwa moja, kila kosa lao huhesabiwa ni la wanawake wote wa aina yao.

Sasa nisaidieni: mvutano niutoe wapi bila kifo, bila siri kufichuka, bila mwanamume kuingia kati? Nimefikiria pesa, kazi, na mama mkwe (huyo hachuji kamwe). Na mwenzangu nimwelezeje asione namkatalia tu kwa ubishi? Mliowahi kuandika, naomba uzoefu wenu.