Nataka kukata tiketi ya basi tu, aplikesheni ya nini?

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Kuna kampuni ya mabasi nimekata tiketi kwao miaka. Naingia kwenye tovuti yao, nachagua siti, nalipa kwa simu, kwisha. Wiki iliyopita naingia nikate ya Mbeya, nakuta picha ya basi na kitufe kimoja: "Pakua aplikesheni yetu."

MB 87! Simu yangu ni ya GB 16, na mfumo wenyewe umeshakula karibu nusu. Nafasi haitoshi. Nikafuta video za harusi ya shemeji (mke wangu hajajua bado), ikaingia. Kuifungua tu, inataka majina yote niliyohifadhi, halafu mahali nilipo. Ya nini? Si nakuja stendi mwenyewe kwa miguu yangu? Nikikataa, inajifunga.

Siku ya safari sasa. Saa kumi na moja alfajiri, Stendi ya Magufuli, kondakta anataka tiketi. Nafungua: "Sasisha kwanza ili kuendelea." Bando limekata usiku. Nikawekwa pembeni kama mwizi, watu wanapanda wananiangalia, mpaka kijana mmoja aliponiwashia hotspoti.

Hiyo aplikesheni inafanya nini ambacho tovuti ilishindwa? Siti, malipo, tiketi, basi. Tovuti ikitengenezwa vizuri unaiweka kwenye skrini kama aplikesheni, inahifadhi tiketi hata mtandao ukikata, inatuma na taarifa. Hata iPhone, waliokuwa wagumu kweli, waliruhusu hizo taarifa mwaka 2023. Na ajabu ni kwamba Steve Jobs mwenyewe, bosi wa Apple wenye iPhone, mwaka 2007 aliwaambia watengenezaji wa aplikesheni watumie tovuti kupitia Safari, kivinjari cha iPhone, yaani programu ya kufungulia tovuti. Duka lao la aplikesheni lilikuja 2008.

Msiniletee habari za usalama. Kivinjari hakiukabidhi ukurasa orodha yangu yote ya majina, ndiyo maana hawaupendi. Gemu nzito, sawa, weka dukani. Lakini tiketi ya basi?

Walio kwenye fani hii watuambie, nani anawashauri hivi? Mnalipwa kwa idadi ya waliopakua?

Na anayejua kampuni ambayo bado inakatisha tiketi za Mbeya–Dar kwenye tovuti aitaje hapa. Narudi Ijumaa, na ile takataka nimeshaifuta.